HAKI YA MWILI: KUFANYA MAZOEZI WAKATI SHUGHULI ZIMEZIDI

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetupa viungo vya kutembea, kushika na kusujudu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Kila mwaka katika jarida letu tunaweka somo moja ambalo si la darasani tu, bali la nyumbani pia. Mwaka huu tumechagua somo la mwili. Tumelichagua kwa sababu sisi walimu wenu lilitufundisha kwa aibu, na si vizuri mwalimu kuficha alikojifunzia.

UTANGULIZI: SIKU TULIYOSHINDWA NA MLIMA

Mwezi Machi 2022 mmoja wa wanafunzi wetu alifiwa na bibi yake. Marehemu alikuwa ameletwa mjini kutibiwa, akafia kwa binti yake, na ukoo ukaamua azikwe kwao mlimani alikozaliwa. Asubuhi ile mwanafunzi alikuja madrasa akasema, "Maustadhi, naomba ninyi ndio mmswalie bibi yangu." Tukamuahidi.

Gari lilitupeleka mpaka barabara ilipoishia. Kutoka pale ni njia ya miguu, ya kupanda tu, na mvua za masika zilikuwa zimekwishaanza, udongo unateleza. Watu wa mlimani walilibeba jeneza wakaondoka nalo, wanapokezana bila kusimama. Sisi walimu watatu, wote tuna miaka thelathini na kitu, tulibeba mara moja tu, hatua zisizofika hamsini, tukapokewa. Baada ya hapo jeneza likatuacha. Kifua kinabana, mapaja yanawaka, macho yanaona giza. Tukakaa juu ya mawe. Akina mama waliobeba unga na kuni za msibani vichwani wakatupita, wakatupa pole.

Tulipofika, imamu wa kijiji alikuwa amekwishamswalia marehemu, kwa sababu maiti hacheleweshwi na mvua ilikuwa inakaribia. Kaburi lilikuwa linamaliziwa kufukiwa. Tuliswali pale kaburini, maana jambo hilo limethibiti kwa Mtume (S.A.W.). Lakini ahadi yetu kwa mwanafunzi ilikuwa imekwishapita. Hakutulaumu, bali aliinamisha kichwa. Babu yake, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye alipanda njia ile ile akiwa mfiwa, ndiye aliyetutafutia mahali pa kukaa akasema, "Poleni walimu. Mji umewachosha miguu."

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayefuata jeneza mpaka likaswaliwa ana malipo ya qirati moja, na anayebaki mpaka mazishi yakamalizika ana qirati mbili, na ukubwa wa malipo hayo ameulinganisha na mlima (Bukhari na Muslim). Hadithi hiyo tunaisomesha kila mwaka katika mlango wa maiti. Siku ya kuitekeleza, mlima ulitushinda. Elimu tulikuwa nayo, nia tulikuwa nayo. Tulikosa pumzi.

SHUGHULI NYINGI, MWENDO MCHACHE

Tuliporudi tulijiuliza sababu. Hatukuwa wavivu. Kuanzia Alfajiri mpaka Isha tulikuwa na kazi: kufundisha, kusahihisha, vikao vya wazazi, biashara ndogo ya kuongezea riziki, kulea watoto. Lakini tulipoziandika kazi zile moja moja kwenye karatasi, tuliona kwamba karibu zote tunazifanya tumekaa. Asubuhi tunakaa kwenye bodaboda, kisha kitini, kisha mkekani, kisha tena kwenye bodaboda, na usiku tunakaa mbele ya televisheni au tumeinamia simu. Dakika za kutembea kwa siku nzima hazikufika kumi na tano.

Tukaiangalia siku ya mwanafunzi, tukaona naye yumo humo humo. Anakaa shuleni mpaka mchana, anakaa tuisheni, anakaa madrasa baada ya Alasiri, kisha anakaa kufanya kazi za shule mpaka usiku. Mtihani ukikaribia hata mpira wa jioni unakatazwa. Anachoka, na sisi wazazi tukiona amechoka tunadhani mwili wake umefanya kazi. Kilichochoka ni kichwa. Mwili haujaguswa.

Sasa watazameni ndugu zetu wa Uluguru. Mji wetu wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele kirefu cha milima hii, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Katikati ya hapo kuna vijiji ambavyo watu wake huteremka kabla ya jua kuchomoza, ndizi na mboga zikiwa kichwani, wakazileta soko la Kingalu, na mchana huo huo wakapanda kurudi. Baada ya hapo kuna shamba la kwenye mteremko linasubiri jembe. Huwezi kusema watu hawa hawana shughuli. Shughuli zao ni nyingi kuliko zetu, ila zinafanywa kwa miguu na mikono.

Tatizo hili si la Morogoro peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba takribani asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu bilioni 1.8, hawafikii kiwango cha chini cha mazoezi. Kwa vijana wa miaka 11 hadi 17 hali ni mbaya zaidi: wasiofikia kiwango ni kama asilimia 80. Hapa kwetu Tanzania, mwezi Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kuhimiza wananchi wafanye mazoezi, kwa sababu maradhi ya moyo, kisukari na shinikizo la damu yalikuwa yanaongezeka. Zamani tuliyaita maradhi ya matajiri. Leo yamo katika nyumba za kawaida kabisa.

UISLAMU UNASEMAJE?

Wapo wanaodhani mazoezi ni mambo ya wachezaji na watu wasio na kazi. Tuangalie mafundisho haya matano.

1. Mwili ni amana na una haki. Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alimzuia kuzidisha, akamkumbusha kuwa mwili wake, macho yake na mkewe wote wana haki kwake (Bukhari). Ikiwa ibada yenyewe hairuhusiwi kuudhulumu mwili, vipi kazi za dunia?

2. Nguvu ni neema inayotakiwa. Katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, muumini mwenye nguvu ametajwa kuwa bora na kupendwa zaidi na Allah kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Maulamaa wanasema nguvu ya kwanza inayokusudiwa ni ya imani na azma, lakini imani inapotaka kutenda huuhitaji mwili. Qur'an pia, katika Suratul Baqara aya ya 247, inatueleza kuwa Talut alichaguliwa kuwa mfalme akiwa amezidishiwa mambo mawili pamoja: elimu na mwili.

3. Mtume (S.A.W.) alikuwa na shughuli kuliko sisi sote. Alikuwa kiongozi wa dola, kadhi, mwalimu, jemadari na baba wa familia. Pamoja na hayo, Ibn Umar (R.A.) amesimulia kuwa alikuwa akiuzuru msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa mnyama na mara kwa miguu (Bukhari na Muslim). Kutoka msikiti wake wa Madina mpaka Quba ni zaidi ya kilomita 3. Katika kuchimba handaki, mwaka wa 5 Hijria, alibeba udongo kwa mikono yake. Na amepokewa kushindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.): mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baada ya muda, alipokuwa amenenepa, Mtume (S.A.W.) akashinda, wakafurahi pamoja (Abu Daud na Ahmad). Kwa hiyo mazoezi si ya wanaume peke yao, wala hayapunguzi heshima ya mtu mzima.

4. Udhaifu una hasara kwa umma. Katika Umra ya mwaka wa 7 Hijria, Maquraishi walisema kuwa homa ya Madina imewadhoofisha Waislamu. Mtume (S.A.W.) akawaamuru sahaba wakaze mwendo katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu, ili nguvu zao zionekane. Mpaka leo mahujaji wanaume wanaifuata sunna hiyo. Na mwenye kwenda Hija ajue kwamba saayi peke yake, baina ya Safa na Marwa mara saba, inakaribia kilomita 3. Wazee wengi wanakusanya fedha za Hija kwa miaka mingi, lakini miguu ya Hija hawaiandai hata kwa mwezi mmoja.

5. Mtume (S.A.W.) alimuomba Allah amkinge na mambo mawili tofauti: kutoweza, na uvivu (Bukhari na Muslim). Mvivu anaweza, ila hataki. Asiyeweza anataka, ila mwili haumsaidii. Sisi siku ile mlimani tulikuwa kundi la pili, na kundi hili huingiwa taratibu bila mtu kujitambua.

MAZOEZI YANAFANYA NINI MWILINI?

Moyo ni msuli. Ukiutumikisha, unapata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na ndiyo maana mtu wa mlimani anapanda huku anazungumza. Misuli ya miguu ikifanya kazi huichukua sukari iliyomo katika damu na kuitumia. Ikilala, sukari inabaki inazunguka. Mifupa ya mtoto hukomaa kwa kuruka na kukimbia. Usingizi unakuwa mzuri, na akili inatulia. Kwa mwenye kuhifadhi Qur'an, hili la mwisho si dogo.

Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 ni hiki: mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku, na mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Mwendo wa wastani maana yake pumzi inaongezeka lakini bado unaweza kuzungumza. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo. Hata chache chache zinahesabiwa.

HESABU NDOGO YA NJIA YA MSIKITINI

"Muda sina." Hilo ndilo jibu tulilokuwa tukilitoa wote. Hebu tupige hesabu.

Tuseme kutoka nyumbani mpaka msikitini ni dakika 10 kwa miguu. Wakati wa kwenda tumeamrishwa twende kwa utulivu, tusikimbilie swala (Bukhari na Muslim). Basi dakika za kwendea tusizihesabu katika mazoezi. Hizo tunaziacha katika hesabu ya thawabu. Tuhesabu za kurudia tu, ambapo unaweza kukaza mwendo.

Alfajiri dakika 10, Isha dakika 10, jumla 20 kwa siku. Mara siku 7 ni 140. Ongeza kurudi kutoka swala ya Ijumaa dakika 10. Jumla ni 150.

Kiwango cha wiki kimetimia, na hatukuongeza hata saa moja ya mazoezi katika ratiba. Tuliacha bodaboda tu. Bani Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), aliwashauri wabaki makwao kwa kuwa hatua zao zinaandikwa (Muslim). Sisi tulikuwa tunalipa nauli ili hatua zetu zisiandikwe!

Lakini tuelewane hapa. Swala ni ibada, si mazoezi. Rakaa 17 za faradhi kwa siku zina rukuu 17 na sijda 34, na viungo vinafaidika, lakini asiswali mtu kwa nia ya kunyoosha mgongo. Faida ya mwili ni zawadi inayokuja nyuma ya utiifu.

UTARATIBU KWA KILA MMOJA

(a) Mwanafunzi. Tembea kwenda shule na madrasa kama njia ni salama. Kila baada ya nusu saa ya kusoma, simama, jinyooshe, kachote maji au fagia uwanja, kisha rudi. Cheza mpira, ruka kamba, cheza rede. Wazazi, msiifute saa ya kucheza kwa sababu ya mtihani. Punguzeni saa ya televisheni na simu.

(b) Mama na binti. Mama anayetwanga, anayefua na kupalilia tayari yumo katika mazoezi. Asiye na kazi hizo anaweza kutembea na jirani zake kwa stara, au kuruka kamba uani. Na mabinti wa nyumbani wasifanywe wa kukaa jikoni huku kaka zao wako kiwanjani. Wote wana moyo na mifupa.

(c) Baba. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake (Bukhari). Kubeba ndoo, kulima bustani na kwenda sokoni kwa miguu ni mazoezi, na ni sunna ya kuishi vizuri na ahli.

(d) Wazee. Kutembea taratibu kila siku, na kuinuka kitini mara kwa mara bila kushika kitu, kadiri mtu anavyoweza.

(e) Mkulima na mchukuzi. Huyu mwili wake unafanya kazi kupita kiasi. Haki ya mwili wake ni mapumziko, chakula cha kutosha na kupunguza mzigo. Asije mtu wa mjini kumhubiria mazoezi.

TAHADHARI

Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo, kisukari au pumu, na aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, amuone daktari kwanza, kisha aanze kidogo kidogo. Wanaotembea gizani wakati wa Alfajiri wavae nguo nyeupe, wawe wawili au zaidi, na kwenye barabara kuu watembee upande ambao magari yanakuja mbele yao. Ndani ya Ramadhani mazoezi mazito yafanywe baada ya futari. Wakati wa masika msivuke mito inayoteremka Uluguru maji yakiwa yamejaa. Na msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Haupandwi kiholela, bali kwa kibali na mwongozaji.

BAADA YA HAPO

Tulianza Jumamosi iliyofuata, walimu na wanafunzi wakubwa, kwa kupanda barabara ya Morning Side, penye ile nyumba ya enzi ya Wajerumani. Mara ya kwanza hatukufika hata nusu. Watoto walitucheka, nasi tukawaacha wacheke. Kwa miezi mitatu tulipanda kila Jumamosi ambayo haikuwa na mvua, na siku za katikati ya wiki tukaendelea na njia ya msikitini. Mwisho tukafika.

Mwezi Novemba 2023 yule mzee naye akafariki, Allah amrehemu. Mjukuu wake hakuja tena kutuomba chochote. Tulikwenda wenyewe. Njia ilikuwa ile ile na mteremko ni ule ule. Mmoja wetu goti lilimsumbua akabaki nyuma. Wawili waliobaki walilibeba jeneza kwa zamu kama watu wengine, wakafika pamoja nalo. Imamu wa kijiji alipotuona alimshika mkono mwanafunzi wetu, akamleta mpaka kwetu, akasema, "Swalisheni." Tukaswalisha.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo (Bukhari). Shughuli haziishi mpaka mtu anaingia kaburini, na mpaka kaburini penyewe mtu hubebwa na wenye nguvu. Tujiandae kuwa miongoni mwa wanaobeba, kabla ya zamu yetu ya kubebwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe afya tuitumie katika kumtii, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Amin.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya uvivu na kutoweza? Toa mfano wa kila kimoja katika maisha yako.
2. Hesabu dakika ulizotembea jana. Je, zinafika kiwango cha umri wako?
3. Pima kwa saa njia ya kutoka kwenu mpaka msikitini, kisha upige hesabu ya wiki kama ilivyoonyeshwa katika somo.
4. Taja matukio mawili katika sira ya Mtume (S.A.W.) yanayoonyesha alivyoutumikisha mwili wake.
5. Pamoja na mzazi wako, chagueni kazi moja ya nyumbani ambayo mtaanza kuifanya kwa miguu badala ya kupanda chombo.

Wabillahi tawfiq.